Jinsi Tulivyomuomba Radhi Siwema

Ukitoka soko la Bariadi kwa mlango wa nyuma, ule wa wauza dagaa, utaona benchi refu limeegemea ukuta wa duka la Hilali. Mguu mmoja wa benchi ni tofali. Hapo ndipo kijiwe chetu. Upande wa kulia nina meza yangu ya kutengeneza simu, ndiyo maana wananiita Waya. Upande wa kushoto Zamda ana jiko lake la mkaa, birika la kahawa na sinia la kashata. Hilali mwenye duka tunamwita Jumla, maana hata pole akikupa anakupa ya gunia zima. Ngassa anauza dawa za mifugo na ameogesha ng'ombe kuliko alivyoogesha watoto wake, huyo ni Josho. Methodius yuko ofisi moja ya serikali, kaletwa kwa uhamisho kutoka Kagera miaka sita iliyopita, na kila jambo kwake linataka barua, huyo ni Waraka. Hapa kwetu ukipita mara tatu unapewa jina, na jina la kijiwe halikataliwi. Tulikuwa tunajivunia utaratibu huo. Siku hizi nikiufikiria naona aibu, na nitakwambia kwa nini hata kama wenzangu watanuna.

Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri, jua la mwezi wa tisa linatuchoma mpaka chini ya turubai. Zamda alimimina vikombe vinne bila kusema neno, kama alivyofanya wiki tatu mfululizo. Halafu akajifuta mikono kwenye kanga, akasimama mbele yetu.

— Kesho nakwenda Maswa, alisema. Nyalikungu, kwa dada yangu. Siwema hataki kurudi. Mtihani wa taifa umebaki wiki saba, na kituo chake cha mtihani ni hapa Bariadi. Nipeni maneno ya kumpelekea.

— Maneno gani, Mama Siwema? aliuliza Jumla.

— Ninyi ndio mliosema mara ya kwanza. Semeni tena. Ila yawe machache, nisiyasahau kwenye basi.

Akarudi kwenye jiko lake. Sisi tukatazamana.

Sasa wewe usiyejua, ngoja nikueleze, maana kosa lenyewe lilianzia mezani kwangu.

Siwema ni binti wa Zamda, kidato cha nne, ana miaka kumi na saba. Mwaka juzi uso ulimtoka chunusi, siyo zile mbili tatu za kila kijana, hizi zilijaa paji la uso, mashavu, mpaka kwenye taya. Mama yake anauza kashata, na kashata ina karanga zinazochomoza juu. Basi kijiwe kikakaa, kikampa jina. Kashata. Nani alilitoa? Kila mtu leo anasema siyo yeye. Mimi nakumbuka lilitoka kwa Josho, na nakumbuka mimi ndiye niliyelirudia mpaka likashika.

Jumamosi ile, wiki tatu nyuma, Siwema aliniletea simu yake, kioo kimepasuka. Akaiacha, akaenda zake, akasema atarudi saa saba. Nikabadilisha kioo. Na mimi kila simu nikimaliza naipima spika. Wateja wananijua, siweki muziki, muziki unaficha ubovu. Nachukua voisi ya mwisho iliyoko kwenye wasapu, nafungulia sauti mpaka mwisho, nasikiliza kama inakwaruza. Sauti ya mtu haidanganyi spika. Nimefanya hivyo miaka tisa na sijawahi kuona ubaya wake.

Nikabonyeza. Ikatoka sauti ya Siwema mwenyewe, benchi zima likasikia.

Alikuwa anaongea kwenye grupu. Grupu la vijana wenye chunusi, nchi nzima, watu mia mbili na kitu, linasimamiwa na nesi mmoja wa magonjwa ya ngozi. Humo kila mtu ana jina la kubuni, hakuna anayesema anatoka wapi. Siwema alisema hivi, nimeyashika kichwani kama aya: "Kwetu njia ya kwenda shule ni mbili. Ya karibu dakika kumi, ina kijiwe. Ya mbali nusu saa, inazunguka kwenye kiwanda cha pamba. Mimi napita ya mbali. Pale kijiweni nina jina. Wanaliita kwa kucheka, wanadhani na mimi nacheka. Mama yangu yuko pale pale, anauza kahawa, siwezi kumwambia maana wale ndio wateja wake."

Spika haikukwaruza hata kidogo.

Tungekuwa na akili tungeizima ile simu. Lakini kijiwe kina kanuni, jambo likifika benchini lazima lijibiwe. Josho akasema mtoto ameumia, tumtulize. Jumla akasema tumuombe radhi hapo hapo, mbele ya wenzake, ili wajue ana wazee wanaompenda. Waraka akasema kimya kitatafsirika vibaya. Mimi nikashika simu, nikabonyeza kile kidude cha kurekodi, nikawazungushia mmoja mmoja. Dakika tatu na sekunde arobaini. Josho alianza: "Hamjambo vijana. Sisi ni wazee wa kijiwe cha nyuma ya soko la Bariadi, kwa Hilali, tunaongea kuhusu binti yetu Siwema, binti wa Zamda muuza kahawa. Tunamuita Kashata kwa mapenzi tu." Jumla akawasalimu wote kwa jumla. Waraka akawaasa wasome. Mimi nikasema pole, nikatuma, nikatangaza: imeenda!

Tukapongezana, wallahi. Jumla alituagizia kahawa ya pili.

Tulimpa jina mbele ya watu mia mbili ambao hawakuwa na jina lake. Na mji. Na mama. Na katika hao mia mbili walikuwemo wasichana wawili wa shule yake mwenyewe, wamejificha kama yeye. Jumatatu darasa zima lilimpokea kwa kuimba Kashata. Jumanne hakwenda shule. Alhamisi akapanda basi la Maswa na begi.

Ndiyo hiyo habari. Sasa turudi benchini.

— Mimi nasema hivi, alianza Josho, akaweka kikombe chini. Mwambie Siwema, watu husahau. Ng'ombe ukimpiga chapa ya moto leo, analia, anaruka, anataka kukuua. Wiki mbili baadaye anakula majani mkononi mwako. Amesahau kabisa.

Zamda hakugeuka. Alijibu akiwa anachochea mkaa.

— Na chapa inafutika, Baba Mayige?

Josho akajikuna shingo. Mayige ni mwanawe mkubwa, na Zamda humwita kwa jina la mwanawe pale tu anapomkasirikia.

— Chapa haifutiki, alisema polepole. Ila ng'ombe haioni, iko ubavuni.

— Ya Siwema iko usoni.

— Basi usimpelekee hilo la ng'ombe.

— Sikuwa na mpango.

Waraka akakohoa, akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati. Mimi nikajua tumekwisha.

— Jambo hili ni la kimaandishi, alisema. Maneno ya mdomo ndiyo yaliyotuponza. Tuandike barua. Kichwa cha habari, YAH: KUOMBA RADHI KWA USUMBUFU ULIOJITOKEZA. Aya ya kwanza tunarejea mazungumzo yetu ya tarehe ile. Aya ya pili tunasikitika. Nakala kwa msimamizi wa grupu, nakala kwa mkuu wa shule.

— Nakala kwa mkuu wa shule ya nini? nikauliza. Ili na asiyejua naye ajue?

— Kwa taarifa tu.

— Waraka, wewe bwana unazingua. Tumetangaza mara moja, wewe unataka tutangaze na muhuri!

— Siyo kutangaza, ni kuweka kumbukumbu sawa. Na kingine hamkijui ninyi. Kila sauti inayopita mtandaoni ina masjala yake. Haipotei hewani. Iko mahali, ina faili, ina namba ya faili. Ukiandika kwa utaratibu, wanaitafuta, wanaitoa, na kwenye simu zote inatoka yenyewe.

— Nani kakwambia?

— Ni mantiki tu, Waya. Serikali gani inakaa bila masjala?

— Mtandao siyo serikali, bana.

— Ndiyo maana una fujo.

Josho alikuwa amefurahi kusikia sauti inaweza kurudishwa. Akasogea mbele.

— Hilo nalikubali. Kule kwetu kuna mzee alisikia redioni tangazo la msiba wa mwaka wa nyuma. Msiba umeshapita, watu wamekula, wamemaliza matanga, redio inatangaza tena upya! Sauti zinazunguka juu huko, kiangazi zinashuka. Kwa hiyo ile yetu bado iko juu. Ikishuka tu, Waya aidake.

— Niidake na nini, Josho? Na wavu?

— Wewe si fundi?

Hapo aliniuma. Maana kweli mimi ni fundi, na kuna jambo nilikuwa sijawaambia.

Kabla sijasema, Jumla akapiga paja kofi.

— Ninyi mnahangaika kuitoa sauti, alisema. Mfanyabiashara hafikirii hivyo. Bidhaa moja ikiwa imeharibika sokoni, huitoi, unaizamisha kwa bidhaa nyingine. Siwema wako wangapi hapa Simiyu? Wamejaa! Hata kule Kiloleli nina mteja Siwema, ana mapacha. Tutafute akina Siwema hamsini. Kila mmoja namnunulia bando. Waingie kwenye grupu, kila mmoja aseme, mimi ndiye Siwema wa Bariadi, mimi ndiye Kashata. Mpaka jioni nani atajua yupi ndiye?

— Na akina mama zao wote wanauza kahawa nyuma ya soko? nikauliza.

— Tutawaambia waseme hivyo.

— Na wote wana chunusi?

— Nani ataona? Ni sauti!

Josho alicheka. Waraka naye alianza kucheka, akajizuia alipoona mgongo wa Zamda. Ulikuwa umetulia kabisa, kijiko mkononi, sukari haiingii kwenye kikombe. Nikawaonyesha kwa macho. Jumla akashusha sauti.

— Mimi natafuta njia tu, Mama Siwema. Si unajua binti yako ni kama wangu?

— Najua, Mzee Hilali. Ulimpa sabuni.

— Enhe! Nilimpa sabuni. Tena katoni.

— Ile ya kufulia.

— Ilikuwa nzuri, ina povu.

— Na Baba Mayige alimpa dawa ya kupaka ya ndama.

— Kidogo tu, alisema Josho. Kwa nia njema.

— Na mimi nilimnunulia mkorogo pale stendi, kopo mbili, alisema Zamda, akageuka sasa, akatutazama. Ukamchuna. Wiki nzima alikuwa analala chali maana shavu halishiki mto. Msidhani nawasingizia ninyi peke yenu. Wote tulimponya, kila mtu kwa chake. Hao wa kwenye simu ndio waliomwambia aache vyote, aoshe uso mara mbili kwa sabuni laini, asiminye, aende hospitali ya mkoa, na asubiri miezi mitatu. Miezi mitatu! Mimi niliona ni uvivu. Lakini uso ulikuwa unapona. Mnakumbuka? Mwezi wa nane ulikuwa unapona.

Hakuna aliyekumbuka. Hatukuwa tumemwona usoni, alikuwa anazunguka kwenye kiwanda cha pamba.

— Kila jioni alikaa na ile simu, alisema Zamda. Nilikuwa namgombeza, nikidhani ni mvulana. Anaandika, anaandika, anatabasamu peke yake. Mtoto aliyekuwa hatazami hata sufuria linalong'aa. Sasa huko kwa dada yangu laini ameitoa. Simu ameiweka juu ya kabati.

Akasema kwa sauti ya chini:

— Na mimi nimewahi kumwita Kashata. Mara mbili, mara tatu. Hapa hapa, mbele yenu, mkacheka, mkaagiza kahawa nyingine.

Aisee, ile ilinikata. Nikaona na mimi nitoe langu.

— Ngojeni, nikasema. Kuna kitu sijawaambia. Ile sauti ilikuwa inafutika.

— Inafutika vipi? aliuliza Waraka.

— Ukituma kitu ukaona umekosea, unakishika, unabonyeza futa, kinatoka kwa wote. Mimi ni fundi simu, Waraka. Nawafutia watu kila siku. Mke wa mtu akituma pasipotakiwa, anakuja mbio kwangu.

— Sasa kwa nini hukufuta?

— Simu ilikuwa hapa mezani saa mbili nzima kabla hajaja kuichukua.

— Nauliza kwa nini hukufuta, Waya!

— Kwa sababu niliona tumesema vizuri.

Josho alitazama viatu vyake. Nilitamani mmoja wao anitukane, ingekuwa nafuu, lakini wote walikuwa wameona vile vile siku ile. Mimi najuta kuliko wao, au labda kila mtu anajiona anajuta kuliko mwenzake.

— Haya, alisema Zamda. Hayo ya kufuta yamepita. Maneno ya kesho yako wapi?

— Mwambie tunajuta, nikasema.

— Tunajuta nini?

— Kutuma.

— Kutuma peke yake?

Jumla akaanza kusema kwamba atamlipia mwalimu wa ziada, Josho akasema atampelekea kuku, Waraka akasema kalamu iko tayari. Zamda akawa anatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayengoja mtoto ataje jibu analolijua.

Ndipo akafika yule msichana.

Alishuka kwenye bodaboda upande wa dagaa, vumbi jekundu mpaka magotini, mtandio umezungushwa usoni yakabaki macho. Akatazama duka, akatazama benchi, akatazama jiko la kahawa. Akaja polepole kama mtu anayehesabu hatua.

— Mwadila, alisalimia kwa Kisukuma.

— Mwadila, mayu, alijibu Josho. Umetoka wapi?

— Nkoma. Samahani, hapa ndipo nyuma ya soko, kwa Hilali?

— Ndipo, alisema Jumla. Mimi ndiye Hilali. Unataka nini, binti, sukari au sabuni?

— Namtafuta Siwema wa Mama Zamda. Naitwa Winnie.

Zamda akaacha birika.

— Mimi ndiye mama yake. Umemjulia wapi?

— Kwenye grupu, mama. Sikujua kwamba anaitwa Siwema mpaka ile siku iliyokuja sauti ya wazee. Sisi tulikuwa tunamwita Dada Saa Kumi na Mbili, kwa sababu saa kumi na mbili jioni ndipo anapoingia kutujibu.

— Kuwajibu? aliuliza Waraka. Yeye si alikuwa mgonjwa kama ninyi?

— Alianza hivyo. Baadaye nesi akamwomba awe anapokea wageni, maana nesi ana kazi. Mimi nilipoingia mwezi wa tano nilikuwa sisemi na mtu. Nilikuwa sitoki hata kuchuma pamba mchana, nachuma alfajiri. Yeye ndiye aliyenijibu. Kila siku. Akiwa na mtihani pia. Aliniambia nenda zahanati, usiogope, vua mtandio mbele ya mganga, nami nakungoja hapa uniambie imekuwaje. Nikaenda.

Akashika ukingo wa mtandio, akautelemsha. Uso ulikuwa na makovu, na chunusi chache za juu, na ulikuwa uso wa msichana wa kawaida tu mwenye macho makali. Zamda alimsogezea kigoda, akampa kikombe. Winnie akakaa.

— Tangu siku ile hajaingia, alisema. Nimempigia, hapatikani. Tuko wengi tunaomngoja. Wengine wameshatoka, wanaogopa na wao watatajwa. Nikasema mimi niko karibu, nitafika.

— Yuko Maswa, alisema Zamda. Kesho nakwenda kwake.

— Basi afadhali. Tulidhani amejidhuru.

Zamda alishika kifua. Jumla alisema "Astaghfirullah," akavua kofia. Mimi nikatazama bisibisi zangu, nikaanza kuzipanga kwa ukubwa, na zilikuwa zimeshapangwa.

Winnie alipuliza kahawa, halafu akatugeukia. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira tungejua namna ya kujitetea, kazi hiyo tunaiweza.

— Kuna kitu nataka kuwauliza, wazee. Kwa heshima.

— Uliza, mayu, alisema Josho.

— Ijumaa usiku, siku moja kabla ya ile sauti, alituandikia. Alisema, kesho napeleka simu kwa fundi, pale pale kijiweni. Sizunguki. Naenda njia ya karibu, uso wazi, bila mtandio, nawasalimia wote, halafu jioni nawaambia imekuwaje. Alikuwa amejiandaa wiki nzima. Grupu lote tulikuwa macho. Kuna wengine walisema, ukiweza wewe na sisi tutaweza. Jumamosi tukangoja. Ikaja sauti yenu. Yeye hakuandika tena.

Akatutazama, akaanza na Josho, akamalizia na mimi.

— Alipofika hapa asubuhi ile, mlimwambia nini?

Mimi nakumbuka. Nakumbuka kama ni leo asubuhi. Alikuja kutoka upande wa wauza dagaa, kichwa wazi, nywele zimesukwa upya, sare hana, amevaa gauni la kijani. Alikuwa anatembea katikati kabisa ya njia. Akafika mbele ya benchi, akasema, "Shikamooni wazee wangu," kwa sauti ya kusikika. Hatukuitikia. Josho akasema, "Heee! Kashata leo haina karatasi!" Jumla akasema, "Imeiva, tuuzieni!" Waraka alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali. Na mimi, niliyekuwa mbele yake kabisa, ambaye simu yake ilikuwa inafika mkononi mwangu, nilicheka kuliko wote. Zamda alikuwa anamimina. Hakuinua kichwa. Siwema akaweka simu mezani, akasema, "Kioo, fundi," akaondoka. Na alipoondoka hakurudi njia aliyojia.

Swali lilikuwa hilo, na majibu yake ndiyo yalikuwa maneno ambayo Zamda alikuwa anayaomba tangu saa tisa. Nilijua. Nadhani wote tulijua. Nilimtazama Josho, akanitazama, kila mtu akimpisha mwenzake kama tunapita mlangoni.

— Wazee? alisema Winnie.

— Tulimsalimia tu, alisema Jumla.

— Vizuri kabisa, alisema Josho. Tulimsalimia.

Waraka alirudisha kalamu mfukoni. Nami nilifungua mdomo, Mungu shahidi wangu, nilifungua nikiwa nimenuia kusema kweli. Nikasikia sauti yangu inasema:

— Sikumbuki vizuri, binti. Wateja walikuwa wengi.

Zamda aliinama, akamwaga maji kwenye mkaa. Moshi ukapanda. Akakusanya vikombe vyetu, cha Jumla kikiwa bado na nusu, akavitumbukiza kwenye ndoo. Akafunika sinia.

— Kahawa imekwisha, alisema.

— Mama Siwema, mapema hivi? aliuliza Jumla. Hata saa kumi na moja bado. Na yale maneno ya kesho?

— Imekwisha, Mzee Hilali.

Akamwambia Winnie anyanyuke, atalala kwake, asubuhi watapanda basi wote wawili. Msichana akabeba sinia, Zamda akabeba birika. Wakaondoka kwa njia ndefu, ile ya kuzunguka kwenye kiwanda cha pamba. Niliwatazama mpaka kwenye kona, na Zamda alikuwa amelishika lile birika kwa mikono miwili, amepinda mgongo, kwa sababu lilikuwa bado limejaa.